Dawa ya Hamu: Inaleta au Inaondoa?

Nilimtangaza babu yangu kwa kipaza sauti, mchana kweupe, kuanzia stendi ya Kibiti mpaka sokoni, tena nikarudia, maana sheria ya kazi inataka tangazo lirudiwe.

Ndiyo hivyo, madogo. Wengine kumbukumbu zao huanza na walipozaliwa. Mimi naanza na ujinga wangu, kwa sababu hata nikiuficha mtausikia, mji huu hauna mlango. Mimi ni mstaafu. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na nimestaafu kazi ya kupiga mbiu. Kiinua mgongo sikupewa. Nilipewa cha kuuinamisha, na tutafika huko.

Kazi nilifundishwa na Kaka Zuberi, dereva wa bodaboda mwenye pikipiki moja, kipaza kimoja na shingo ndefu kama ya korongo. Yeye anaendesha, mimi nakaa nyuma natangaza, Jumamosi na siku za likizo. Misiba, mikutano ya kijiji, chanjo za watoto, mbuzi waliopotea. Somo lake la kwanza: "Kipaza usikile kama muwa. Kiweke mbali na mdomo, upana wa kiganja. Ukikila, watu wanasikia mate, hawasikii maneno." La pili: ukipita msikitini watu wakiswali, zima, hata kama unatangaza kiama. La tatu: betri zikichoka zianike juani juu ya bati, zitakudanganya kidogo mpaka ufike nyumbani. La nne nililijua kwa aibu. Msiba una sauti yake. Mara ya kwanza kutangaza msiba nilitumia sauti ile ile niliyotangazia fainali ya mpira wa vijana, na watoto wakatoka mbio wanashangilia. Kaka Zuberi alisimamisha pikipiki akanigeukia. "Dogo, aliyekufa ni mtu. Siyo kipa."

Siku hizi naona wenzenu wanarekodi kwenye flashi, sauti inazunguka yenyewe kutwa nzima. Sawa, haichoki. Lakini flashi haina macho. Flashi itapita mbele ya jeneza inatangaza ofa ya magodoro. Mdomo unaona. Shida ya mdomo ni kwamba unaropoka pia.

Sasa babu.

Babu yangu, mzaa mama, Mzee Salumu, ni fundi wa kofia. Zile za kushonwa kwa mkono, tundu kwa tundu, mpaka ukiiinua juani mwanga unapita kama kwenye chekeche. Watu walitoka Mohoro kumfuata. Halafu mikono ikaanza kutetemeka. Ikafika mahali kahawa inamwagika kabla ya kufika mdomoni, na sindano inachoma kila kitu isipokuwa kitambaa. Akapelekwa Dar es Salaam, hospitali kubwa, akaanzishiwa vidonge vya ugonjwa wa kutetemeka. Mwaka huu baada ya mfungo vikaongezwa. Mikono ikatulia. Babu akatunga uzi mwenyewe, akarudi kwenye kofia. Tulichinja jogoo.

Halafu babu akaanza kuposa.

Msicheke kwanza. Huyu ni mzee ambaye akipishana na mwanamke njiani alikuwa anaangalia ndara zake mwenyewe. Alianza na Bi Tausi, muuza vitumbua: alinunua viwili, akaulizia mahari. Akaenda kwa mjane anayekaa nyuma ya shule. Akaenda, Mungu atusitiri, kwa dada yake imamu, na imamu alipokuja nyumbani kushtaki alifika kwenye "akamwambia kwamba...", akaomba maji, akanywa, akaondoka bila kumalizia. Na Bibi, huko ndani, alikuwa hapati kupumzika. Mengine siyasemi, ni bibi yangu, na mama atasoma hii.

Mimi babu yangu nilikuwa namjua kama ninavyojua njia ya kwenda shule. Niliona kama mtu kanibadilishia babu usiku, kaacha kanzu ile ile.

Siku moja Bibi alifunga kanga zake kwenye furushi, akapanda basi mpaka Nyamwage kwa kaka yake. Ikaja salamu: Ijumaa baada ya swala wanaume wa kwao watafika, na Salumu aiandae talaka.

Mama alikaa chini jikoni, mwiko mkononi. "Wamezeeka pamoja mpaka wanakohoa sauti moja. Leo talaka?"

Mjomba Hamisi, kaka yake mama, yeye jibu alikuwa nalo. "Jini mahaba huyo. Kapanda kichwani. Apelekwe Mohoro akapungwe, ngoma ipigwe mpaka ateremke."

"Jini!" Mama mdogo alimsonya. "Huo ni uhuni, ulikuwa umelala. Wanaume nyie uhuni haufi, unasinzia tu."

Babu alikuwa barazani anawasikia wote. Nilimpelekea uji, nikamkuta anajipiga paja kwa ngumi. Akaniambia, "Mjukuu wangu, najiona naenda. Naikataza miguu, hainisikii." Mimi nikacheka. Nilidhani ni utani wa wazee, na nikauhifadhi kichwani nije niutumie.

Jumanne ya wiki hiyo, shule zikiwa likizo, akaja nesi Eliza wa kituo cha afya, mtu wa bara, mpole, anayesema "naomba" hata akikuchoma sindano. Akasema kesho yake anakuja daktari wa magonjwa ya akili kutoka mjini, watu watangaziwe. "Sema hivi, mdogo wangu. Wenye huzuni isiyokwisha, wanaosikia sauti, wenye kifafa, na wenye tabia wanazoshindwa kujizuia."

"Tabia zipi, dada? Watu wa huku ukiwaambia tabia wanaona umewatukana."

Aliangalia kushoto, akaangalia kulia. "Kamari. Na... mambo ya faragha yaliyopita mpaka. Lakini hiyo naomba usiiseme. Sema tabia, inatosha."

Kaniambia usiseme. Na mimi mnanijua.

Pale stendi nilianza vizuri. Huzuni, sauti, kifafa. Hakuna aliyegeuka. Muuza maji aliendelea kuuza maji. Mpiga mbiu asiyesikilizwa ni mbwa anayebwekea basi, nikaona haiwezekani. Nikavuta pumzi. "Na dawa ya hamu ipo! Dawa ya hamu ya mambo ya chumbani, bure kabisa, kesho kituo cha afya! Kwa vijana, kwa wazee, hata kwa babu mshona kofia anayeposa mpaka wauza vitumbua!"

Stendi iliangua kicheko. Makondakta walipiga mabodi ya magari. Kicheko kile, madogo, kinalevya. Nikafika sokoni nikarudia, nikaongeza na kuiga sauti ya babu.

Kaka Zuberi alizima injini. "Umemtaja."

"Jina sijalitaja."

"Kibiti hii ina washona kofia wangapi?"

Sikuwahi kuwahesabu. Nikamhesabu pale pale. Mmoja.

Mama siku hiyo alikuwa Nyamisati kuchukua samaki wa kuuza, alilala huko. Nikalala sijapigwa. Nikadhani nimepona.

Asubuhi kituo cha afya kilifurika kama mnada. Nesi Eliza alisimama mlangoni kashika kichwa. Na watu hawakuwa mstari mmoja, walikuwa mistari miwili inayotazamana. Upande huu wanaume, wamejipaka mafuta, wanatabasamu. Upande ule wanawake, wawili watatu wamewashika waume zao mikono kama watoto wa chanjo.

"Mimi nimekuja kuchukua," alisema baba mmoja mnene, muuza mkaa. "Dawa ya hamu. Nyumbani imekwisha."

"Kuchukua?" Mwanamke wa mbele aligeuka. "Hiyo dawa ni ya kuiondoa! Mimi huyu wangu nimemleta aondolewe, nilale."

"Shemeji, Kiswahili kiko wazi. Dawa ya usingizi inaleta nini? Usingizi. Dawa ya hamu inaleta hamu."

"Aka! Na dawa ya mbu inaleta mbu?"

Hapo ugomvi ukapanda upya. Dawa ya nguvu inaleta nguvu! Dawa ya kikohozi inaleta kikohozi? Dawa ya meno je, yenyewe inaleta au inaondoa? Mume mmoja aliyeletwa kwa mkono akatumia nafasi ile kuchomoka, akapitia dirishani. Nikajua lugha yangu mwenyewe imenigeuka, na mimi ndiye niliyeifungulia kamba.

Daktari akatoka. Na hapo tukashtuka tena, maana tulikuwa tunangoja mzee wa miwani, akatoka dada kijana, kavaa raba, daktari Theresia. "Nani kawaita nyie?"

"Huyu!" Vidole vyote juu yangu.

Aliniangalia, akaangalia mistari, akacheka kidogo kwa pua. Akapanda kwenye ngazi ya mlango. "Haya. Sina ya kuleta wala ya kuondoa. Hamu siyo ugonjwa. Mwenye nyingi si mgonjwa, mwenye kidogo si mgonjwa. Mke na mume wakipishana, hilo ni la kuzungumza wao wawili. Hakuna pishi ya kupimia hamu."

"Sasa daktari," mwanamke wa mbele hakukubali, "iliyozidi ni ipi? Lazima ipo iliyozidi."

"Hata sisi tumegombana miaka mingi kuhusu hilo. Kitabu kinachopanga magonjwa ya dunia nzima, toleo lake la zamani, kilikuwa na ugonjwa unaoitwa hivyo hivyo, hamu iliyozidi. Tena una jina la mwanamke na jina la mwanamume."

"Kama mistari yetu," mtu alidakia.

"Kama mistari yenu. Toleo jipya limeifuta. Halipimi hamu tena. Linapima breki."

Kaka Zuberi, aliyekuwa kajiegemeza kwenye pikipiki, aliinua ile shingo yake.

"Gari yenye injini kubwa si gari mbovu. Mbovu ni ile unakanyaga breki na haisimami. Mtu anajaribu kujizuia, anashindwa, anajaribu tena, anashindwa, nusu mwaka na zaidi. Kazi inaharibika, nyumba inavunjika, afya inaondoka, naye anaendelea hata raha yenyewe haipati. Huyo ndiye mgonjwa. Kitabu kimemweka fungu moja na mtu anayeiba vitu asivyovihitaji, na anayechoma moto vitu kwa msukumo asioweza kuushinda."

"Siyo na walevi?" aliuliza muuza mkaa.

"Wapo madaktari wanaosema ni ulevi kama wa pombe. Kamari ndiyo iko fungu hilo. Hii bado. Wamarekani wana kitabu chao, walijadili kuiingiza, wakaiacha nje. Ugomvi haujaisha."

Madogo, hilo lilinishtua kuliko yote. Nilidhani vitabu vya madaktari vimeshuka vimekamilika, kama jedwali la kuzidisha nyuma ya daftari. Kumbe ugonjwa unaweza kufutwa jina, mwingine ukahamishwa darasa, na walimu bado wanazozana ofisini.

"Na aibu peke yake haitoshi," daktari aliendelea. "Mtu akinijia analia kwamba ana dhambi kwa sababu ya mawazo yake, namtuliza. Simpi jina la ugonjwa. Na kabla sijampa mtu yeyote jina hilo, natazama kwanza kama kuna kitu kingine kimeikata breki. Kuna ugonjwa wa akili unaompandisha mtu juu, halali, hachoki, anajiona mfalme. Kuna kuumia ubongo. Kuna madawa ya kulevya. Kuna..."

Akanyamaza, kwa sababu watu wa nyuma walikuwa wanapisha njia. Fimbo ilikuwa inagonga saruji. Babu. Kanzu ya Idi, kofia aliyoishona mwenyewe, macho mbele.

"Mshona kofia ni mimi," alisema. "Nimesikia natangazwa. Nimekuja."

Hakuna aliyecheka. Wale wale wa stendi, hakuna hata mmoja. Nilitaka ardhi inimeze, lakini ardhi ya Kibiti ni mchanga, inakumeza mpaka vifundoni tu.

Daktari alimshika mkono kumwingiza ndani. Babu akasimama mlangoni, akaninyooshea fimbo. "Aliyenitangaza aingie. Asikie mwisho wa tangazo lake."

"Mzee, mazungumzo yetu ni siri yako."

"Siri?" Babu alitabasamu kwa huzuni. "Binti yangu, siri yangu ina betri."

Nikaingia. Nikakaa kwenye kona, kipaza mapajani kama mtoto mchanga. Daktari alimuuliza taratibu, bila haraka, kama anayefumua mshono. Unapokwenda kuposa, unafurahi?

"Naona aibu kabla. Naona aibu baada. Katikati sipo."

Zamani ulikuwa hivi? Hapana. Unalala? Nalala. Ilianza lini? Babu alikuna kidevu, hakumbuki. Hapo mlango ukasukumwa. Mama, katoka Nyamisati moja kwa moja, ndoo ya samaki kichwani, jasho. Habari alizipata kwenye gari, kutoka kwa abiria asiyejua yeye ni binti wa nani. Aliniangalia mara moja. Sitaeleza mtazamo ule, una hakimiliki. Kisha akamwinamia babu. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Daktari anauliza ilianza lini."

"Baada ya mfungo," mama alisema, anatua ndoo. "Mikono ilipotulia. Si wakati ule ule vidonge vilipoongezwa..." Akakomea hapo. Alijisikia mwenyewe.

Daktari aliweka kalamu chini. "Vidonge gani?"

Babu akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa pakiti. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Daktari aliigeuza pakiti, akaisoma nyuma, akashusha pumzi. "Vidonge hivi vinaupa ubongo kitu unachopungukiwa, ndiyo maana mikono inatulia. Lakini kwa baadhi ya watu, dozi ikipanda, kitu hicho kinafurika upande wa pili, upande wa matamanio. Wengine wanaanza kamari. Wengine wananunua vitu ovyo. Wengine ndiyo haya. Mgonjwa anatakiwa aambiwe mapema. Mara nyingi haambiwi, watu wanaona haya kulitaja."

Mama alisema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo si jini."

"Si jini, mama."

"Wala si uhuni?"

"Si uhuni. Wala kwenye lile fungu la breki mbovu simwingizi. Breki yake ilikuwa nzima, dawa ndiyo iliyoikata. Haya tunayaita madhara ya dawa."

Mama alikaa juu ya ndoo ya samaki. Babu akamwambia yale yale aliyoniambia mimi barazani: Najiona naenda, naikataza miguu, hainisikii. Alikuwa ameniambia ugonjwa wake wote kwa sentensi moja, na mimi nimeuuza stendi kwa kicheko.

Babu alinyanyua pakiti kutaka kuitupa dirishani. Daktari akaidaka juu kwa juu. "Usiache ghafla, mzee! Mwili wote unaweza kukakamaa."

"Sasa nichague lipi, binti yangu? Mikono au heshima?"

"Leo huchagui chochote. Nampigia aliyekuandikia. Tutashusha kidogo kidogo, huku tunaangalia."

Walishusha. Siwadanganyi kwamba ilikuwa miujiza. Mikono imerudi kutetemeka kiasi. Kofia ya mwisho ya babu ina mstari mmoja uliopinda juu ya sikio, na mteja kagoma kuirudisha, anasema huo mpindo ndio alama ya fundi. Posa zilikoma. Mjomba Hamisi bado anasema jini aliogopa vidonge kupunguzwa, mwacheni. Ijumaa wanaume wa Nyamwage walikuja, lakini walikuja na Bibi kati yao, na furushi lake la kanga. Alipita mbele ya babu, akamwangalia juu mpaka chini, akamwambia, "Uliposa wangapi?" Babu akasema hakumbuki. "Vizuri. Wala mimi sikumbuki." Akaingia jikoni, akaanza kulaumu jinsi sufuria zilivyooshwa.

Lakini Bibi hakurudi kwa basi tu, alirudi kwa sababu kuna mtu alimfuata. Na huyo mtu hakupenda kwenda. Hapo ndipo penye kile kiinua mgongo changu.

Jumatano ile, tulipotoka kwa daktari, watu walikuwa bado wamejaa uwanjani, wanangoja habari. Nilijua la kufanya, mimi ni mtu wa kazi. Niliwasha kipaza, nikakiweka mbali na mdomo upana wa kiganja kama nilivyofundishwa, niwatangazie wote kwa mpigo kwamba babu anaumwa, si mhuni. Mama akakichukua mkononi mwangu, akakizima, akakitumbukiza kwenye ndoo, katikati ya samaki. Na haya ndiyo aliyoyasema, sijaongeza sijapunguza:

"Kuchafua umechafua kwa betri. Kusafisha utasafisha kwa mdomo mtupu, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba utaanza na shikamoo. Anza Nyamwage kwa mama yangu. Nauli huna, najua. Miguu unayo, na yako wewe inakusikia."